"Endesha kama Msimamizi": Uhakiki wa Kauli Moja ya Kompyuta

Sisi tunaoshughulika na istilahi tuna desturi ya kuyapima mafanikio yetu kwa idadi ya maneno. Huulizana mwaka huu tumepata istilahi ngapi za benki, ngapi za misitu, ngapi za kompyuta. Ni mara chache mno tunapoyafuata maneno hayo baada ya kutoka mikononi mwetu, tukayatazama yakiwa kazini, yakisomwa na mtu ambaye hakuhudhuria kikao chochote cha usanifishaji na wala hana kamusi mezani pake. Makala haya yana nia ya kufanya hivyo kwa kauli moja tu, yenye maneno matatu: "Endesha kama msimamizi".

Msomaji anayetumia kompyuta yenye mfumo wa Windows ameshakutana na agizo hili, ama kwa Kiswahili ama kwa Kiingereza chake. Akikiweka kipanya juu ya jina la zana fulani ya mfumo na kukibofya kitufe cha kulia, hutokea orodha fupi ya maagizo, nalo limo miongoni mwake. Katika maelekezo ya Kiswahili yanayopitishwa kutoka mkono hadi mkono maofisini na shuleni, hiyo ndiyo tafsiri iliyozoeleka. Sijapata kukutana na mtu aliyeitilia shaka, na mimi mwenyewe niliifundisha kwa miaka kadhaa bila ya kuifikiria.

Nilianza kuifikiria mjini Moshi. Nilikuwa nimealikwa katika semina ya siku tatu ya walimu, makarani wa serikali za mitaa na watunza vitabu wa vyama vya ushirika. Siku ya kwanza mchana mwalimu mmoja alisimama akatueleza kisa chake. Alitoka shule ya sekondari ya huko juu mlimani, mahali ambapo gari huiacha lami na kuanza kupanda katikati ya migomba na mibuni. Maabara ya shule ilikuwa na kompyuta za zamani zenye Windows 7, na diski zake zilikuwa zimejaa. Mwalimu akaifungua zana ya kusafishia diski, ikampatia nafasi ndogo isiyofaa kitu. Akakifungua kidirisha cha amri ili ayakague mafaili ya mfumo, kompyuta ikamjibu kwamba ili kuitumia amri hiyo ni lazima awe msimamizi.

"Nilishangaa," alisema, "kwa sababu msimamizi wa maabara ile ni mimi. Jina langu limebandikwa mlangoni. Hata ndani ya kompyuta, akaunti yangu imeandikwa msimamizi."

Akautafuta mwongozo wa Kiswahili, akasoma kwamba "mtumiaji awe msimamizi". Basi akafanya kama alivyoelewa. Akazigeuza akaunti zote za maabara, zikiwamo za wanafunzi, ziwe akaunti za wasimamizi. Kisha akakishusha hadi chini kabisa kile kipimo cha maonyo ambacho humfanya mtumiaji aulizwe kabla ya jambo kubwa kutendeka. Ujumbe ule haukuonekana tena, na mwalimu akajiona ameshinda. Wiki haikwisha kabla ya mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akitafuta nafasi ya kuweka filamu, kulifuta folda lenye alama za mitihani za vidato viwili. Nakala nyingine haikuwapo. Walimu waliitumia likizo nzima kuzikusanya alama hizo upya kutoka katika madaftari.

Wanasemina walicheka, naye mwalimu akacheka pamoja nao. Mimi nililiona jambo la kunihusu. Mwalimu yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alisoma Kiswahili kilichokuwa mbele yake na kukitii. Kiswahili hicho kilimwambia kwamba tatizo lake ni la kuwa au kutokuwa mtu fulani, ilhali tatizo lilikuwa jingine kabisa.

Yafaa hapa nieleze kwa kifupi jinsi mambo yalivyo ndani ya mashine, kwani bila ya hivyo uhakiki huu hauna mguu wa kusimamia. Katika matoleo ya zamani ya Windows, mathalani lile la XP, aliyekuwa na akaunti ya msimamizi alikuwa na uwezo wote saa zote. Kila programu aliyoifungua, hata ile ya kuchezea karata, iliurithi uwezo huo, na virusi vilivyoingia navyo viliurithi. Tangu toleo la Vista lililotolewa kwa umma Januari 2007, utaratibu ulibadilishwa. Msimamizi anapoingia katika kompyuta hupewa vibali viwili: kimoja cha mtumiaji wa kawaida, kingine cha uwezo kamili. Hicho cha pili huwekwa kando. Kazi zake za kila siku huzifanya kwa kibali cha kwanza, sawasawa na mtumiaji mwingine yeyote. Anapoichagua ile kauli yetu ya maneno matatu, kioo hufifia, huulizwa swali, na akijibu "Ndiyo" kibali cha pili hutolewa kwa programu ile moja tu. Programu ikifungwa, uwezo nao umekwisha. Mtumiaji asiye msimamizi yeye haulizwi "Ndiyo" au "Hapana" pekee, bali hutakiwa nywila ya mtu aliye msimamizi.

Tofauti hii huonekana wazi katika zana zile zile alizozishika mwalimu. Zana ya kusafishia diski, ikifunguliwa kwa uwezo wa kawaida, humwonyesha mtu takataka zake mwenyewe. Ikifunguliwa kwa uwezo wa msimamizi, huonyesha pia masalio ya mfumo, kama vile mafaili yaliyobakizwa na masasisho ya zamani, ambayo mara nyingi ndiyo yaliyoijaza diski. Kidirisha cha amri nacho, kikifunguliwa kwa uwezo huo, huandikwa juu ya paji lake neno la msimamizi, na badala ya kuanzia katika folda la mtumiaji huanzia katika folda la mfumo wenyewe. Amri ya kufuta ikiandikwa hapo kwa makosa, haitafuta barua za mtu mmoja.

Kwa hiyo mwalimu wetu alikuwa msimamizi na hakuwa msimamizi kwa wakati mmoja. Cheo alikuwa nacho. Uwezo wa cheo hicho ulikuwa haujaitwa. Sentensi inayosema "lazima uwe msimamizi" haina nafasi ya kulieleza jambo hilo.

Mtu wa Kilimanjaro hana haja ya kupelekwa mbali ili alielewe. Katika miteremko ya mlima, tangu kabla ya ukoloni, watu walichimba mifereji ya kuyatoa maji mitoni na kuyafikisha mashambani, nayo kwa lugha ya huko huitwa mifongo. Kuteka maji ya kunywa na kupikia kutoka katika mfongo ni jambo la kila mtu na la kila siku. Kuyageuza maji yaingie katika migomba yako ni jambo jingine: kuna zamu, na zamu ina wapangaji wake. Hata huyo mzee anayeuangalia mfongo, asubuhi nyumbani kwake hutekewa maji kwa ndoo kama jirani yake. Uzee wake wa mfongo haumfuati jikoni. Siku ya kufungua maji ndipo unapoitwa, kwa kazi ile na kwa muda ule, na maji yakiharibu ukingo wa shamba la mtu yeye ndiye atakayeulizwa. Nilipoutoa mfano huu katika semina siku ya pili, sikuhitaji kuufafanua. Karani mmoja kutoka Machame ndiye aliyeumalizia, akasema kwamba mwalimu aliwapa wanafunzi wote ufunguzi wa mfongo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na kiu.

Tukirudi sasa kwenye kauli yenyewe, kosa la kwanza limo katika neno dogo kuliko yote: "kama". Neno hili lina kazi nyingi katika Kiswahili. Hulinganisha, tunaposema mtu ni mrefu kama mnazi. Huweka sharti, tunaposema kama mvua itanyesha. Hukadiria, tunaposema walikuja watu kama kumi. Huonyesha kujisingizia, tunaposema alifanya kama hakuniona. Katika kazi zote hizi hakuna hata moja inayosema kwamba mtu anatenda kwa cheo chake halisi. Matumizi hayo ya mwisho yameingia kwa njia ya tafsiri, na walimu wakali wa zamani waliyapiga vita: mwanafunzi aliyeandika "anafanya kazi kama karani" alisahihishwa "anafanya kazi ya ukarani", maana sentensi ya kwanza humwacha msomaji akijiuliza kazi yake halisi ni ipi. Leo matumizi hayo yameenea kiasi kwamba sioni faida ya kuyakemea katika mazungumzo. Lakini katika agizo la kompyuta, lisilo na sentensi ya kulitangulia wala ya kulifuata, "kama" hubaki na maana zake zote za asili zikigombana. Mama mmoja, mtunza vitabu wa chama cha msingi, alilisoma agizo lile kwenye kioo, akangoja kidogo, kisha akaniuliza kwa upole: "Samahani mwalimu, kama msimamizi amefanyaje?" Alikuwa akilisubiri sharti limalizike. Sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kusema kwamba halimaliziki.

Ajabu ni kwamba hakuna lugha iliyo na hazina kubwa ya maneno ya kutenda kwa madaraka ya mwingine kuliko Kiswahili cha ofisi zetu. Mtumishi wa serikali anayeisoma makala haya huenda leo asubuhi ameipokea barua iliyotiwa saini chini ya herufi "k.n.y.", yaani kwa niaba ya mkuu fulani, na hakudhani hata kidogo kwamba aliyeitia saini anajifananisha na mkuu huyo. Tunaye kaimu, anayeshika nafasi kwa muda. Tunaye naibu, wakala, wakili. Viongozi wetu, wanapokuwa na vyeo viwili, husema wamevaa kofia mbili, na wananchi huwauliza leo wamekuja na kofia ipi. Katika vyama vya ushirika, tangu siku za Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933, watu wa mlima huu wamezoea kwamba fedha hazitoki benki kwa sababu mtu anaitwa mwenyekiti. Hutoka kwa sababu watia saini wametia saini, kwa hundi ile moja. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika, kimefundisha mambo ya namna hiyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwa vizazi kadhaa. Maneno yalikuwapo. Watafsiri wa kompyuta hawakuyatazama kwa sababu walikuwa wakitazama neno la Kiingereza tu, nalo neno hilo la Kiingereza kwa bahati lina kazi mbili katika herufi mbili, ya kufananisha na ya kutaja cheo.

Si kwamba kila neno katika hayo lingefaa. "Kaimu" halifai, kwani kaimu hukaa mahali pa mtu asiyekuwapo, na hapa msimamizi yupo, tena ndiye anayebofya. "Kwa niaba ya" linakaribia zaidi, maana programu kweli hutenda kwa niaba ya mtu; lakini hutenda hivyo hata inapofunguliwa kwa uwezo wa kawaida. Linalotafutwa ni neno la ule uwezo wenyewe unaotolewa.

Hapa ndipo tunapokutana na tafsiri nyingine tatu zinazoshindana. Wapo wanaosema "haki za msimamizi". Wapo wanaosema "upendeleo wa msimamizi", nao wamelitoa moja kwa moja katika kamusi. Wapo wanaosema "ruhusa". Neno la upendeleo naliondoa mara moja. Neno la kigeni linalotafsiriwa lilitokana na Kilatini, na hapo kwanza lilikuwa na maana ya sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini upendeleo katika Kiswahili ni jambo la aibu, ni kumpa ndugu yako kazi asiyostahili. "Ruhusa" ni nzuri, ila ina mahali pake: ni ile inayotolewa mtu anapojibu "Ndiyo", na tukiitumia kwa uwezo wenyewe tutakosa neno la tendo la kuutoa.

"Haki" ndilo neno lenye wafuasi wengi, na kosa lake ni la ndani zaidi. Haki kwa Mtanzania ni kitu ambacho mtu anacho kwa kuwa mtu au kwa kuwa raia. Akinyimwa, amedhulumiwa. Sasa ipo kanuni katika usalama wa kompyuta, iliyoelezwa na Jerome Saltzer na Michael Schroeder mwaka 1975, isemayo kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo ule tu unaotosha kazi yake. Hebu msomaji aijaribu kanuni hiyo kwa istilahi tulizo nazo. "Kanuni ya haki chache kabisa" inasikika kama sera ya mkoloni. "Kanuni ya upendeleo mdogo kabisa" haina maana yoyote. Nimemsikia mkufunzi akiisema ya kwanza mbele ya watumishi, na niliona nyuso zikikunjamana. Mwalimu wetu wa Moshi naye, alipozigeuza akaunti za wanafunzi, alidhani anatenda haki. Alisema hivyo kwa maneno yake mwenyewe.

Neno ninalolipendekeza ni "madaraka". Sera ya mwaka 1972 iliyopeleka uwezo wa kuamua mambo mikoani iliitwa Madaraka Mikoani, na hakuna aliyedhani kwamba mikoa imepewa haki za kuzaliwa nazo. Madaraka hukabidhiwa, hupunguzwa, huvuliwa, hutumiwa vibaya na hutolewa hesabu. Vitenzi vyote hivyo vimeshazoeana na neno lenyewe na havihitaji kuundwa. Zaidi ya hayo, ndani ya neno hili uwezo na wajibu havijatenganishwa: aliyeshika madaraka ana la kufanya na ana la kujibu. Kanuni ya Saltzer na Schroeder kwa neno hili inakuwa "madaraka yasizidi kazi", na sidhani kama karani yeyote angehitaji kufafanuliwa. Kwa hiyo kauli nzima ingekuwa "Endesha kwa madaraka ya msimamizi", na ule ujumbe uliomchanganya mwalimu ungekuwa "Kazi hii yahitaji madaraka ya msimamizi". Jamii ya mifumo ya Unix, ambayo ina mtumiaji mkuu anayeitwa kwa neno lenye maana ya mzizi, imekuwa na amri ya namna hiyo tangu mwaka 1980 hivi: mtumiaji hutekeleza kazi moja kwa madaraka ya mkuu, kisha huendelea na uwezo wake wa kawaida.

Nitaambiwa kwamba kauli yangu ni ndefu. Ni kweli, iliyopo ina herufi na nafasi 22, yangu ina 33. Watengenezaji wa programu huhesabu upana wa kitufe, na Kiswahili hulaumiwa mara kwa mara kwa urefu. Lakini agizo hili halimo ndani ya kitufe, limo katika orodha inayojipanua kwa kadiri ya maneno yake. Na hata kama lingekuwa ndani ya kitufe, ningependelea kitufe kipanuliwe.

Kuhusu neno "msimamizi" lenyewe sina ugomvi, ingawa wapo waliopendekeza "mtawala", "mkuu" na "meneja". Vijana wana "admini", hasa katika makundi ya simu, nalo limeshika mizizi na halitang'oka kwa waraka wowote. Neno la kigeni lilianzia katika kitenzi cha Kilatini cha kuhudumu. Msimamizi naye asili yake ni mtu aliyesimama mahali pa kazi akiiangalia. Hayako mbali. Ushahidi mkubwa zaidi ni wa sheria: mtu akifariki, mahakama humteua msimamizi wa mirathi, naye hushika uwezo juu ya mali isiyo yake, kwa kazi maalumu, na hutakiwa aitolee hesabu mahakamani. Ukiacha matumizi ya mashambani, ambako katika mashamba makubwa ya kahawa msimamizi alikuwa ni mtu wa kuogopwa, sioni neno linaloikaribia zaidi maana ya kompyuta. Vyeo navyo hubadilika maana, tusivihofu mno. "Mangi" lilikuwa jina la mtawala wa Kichagga hadi utawala wa machifu ulipoondolewa mwaka 1963. Leo Dar es Salaam mtoto akitumwa kiberiti huambiwa aende kwa Mangi, yaani dukani.

"Endesha" nalo nalipitisha, japo kwa kusitasita. Mashine huendeshwa, semina huendeshwa, na programu nayo yaweza kuendeshwa. Wanafunzi hucheka, kwani kuendesha kuna maana nyingine ya tumboni ambayo kila mwalimu wa kidato cha kwanza anaijua. Kicheko hicho huisha katika juma la kwanza.

Lakini lipo fungu la maneno linaloandamana na kauli hii ambalo silipitishi: "zana zilizojengewa ndani". Ndivyo miongozo mingi inavyoziita zana ambazo huja pamoja na mfumo, kama hizo za kusafisha diski na kuandika amri, ili kuzitofautisha na zile zinazonunuliwa au kupakuliwa. Kujenga ni kazi ya fundi mwashi. Kabati hujengewa ukutani. Zana ya kompyuta haijajengewa popote, imekuja na mfumo wake kama jembe lililokuja na mpini. Tuziite "zana za mfumo" na inatosha. Neno likiwa fupi na wazi tusilirefushe kwa ajili tu ya kulifuata la kigeni kiungo kwa kiungo.

Lawama hizi sizielekezi kwa waliofanya kazi ya mwanzo. Wakati serikali ilipozuia uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, hakuna aliyeweza kutabiri kwamba miaka 30 baadaye, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ungetoa programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na kwamba kampuni ya Microsoft nayo ingejiingiza katika kazi kama hiyo. Watafsiri hao walikuwa na maelfu ya vipande vya maneno vya kutafsiri, aghalabu bila ya kukiona kioo ambamo kipande kitatokea. Aliyeletewa neno la cheo peke yake alitafsiri cheo. Aliyeletewa kiunganishi alitafsiri kiunganishi. Sehemu kubwa ya kosa ni yetu sisi waundaji wa istilahi. Tangu vile vijitabu vya tafsiri sanifu vya miaka ya 1970 tumekuwa tukitoa orodha za nomino, neno la kigeni upande wa kushoto na la Kiswahili upande wa kulia. Zilitosha kwa mwandishi wa kitabu, kwa sababu yeye ataziingiza katika sentensi zake. Kompyuta haina sentensi zake. Husema kwa amri, kwa maswali na kwa maonyo, na kila kimoja kati ya hivyo chahitaji kusanifishwa kikiwa kizima.

Tazama jinsi swali lile la kioo kilichofifia lilivyo bora kuliko agizo lililolitangulia. Humwuliza mtu iwapo anataka kuiruhusu programu ifanye mabadiliko katika kifaa chake. Likitafsiriwa kwa Kiswahili cha kawaida linaeleweka na kila mtu, kwa sababu lilikuja likiwa sentensi nzima. Hata hivyo lina tatizo dogo ambalo lugha peke yake haitaliondoa: linasema "kifaa chako". Kompyuta aliyoketi mbele yake karani wa halmashauri si yake, ya mwalimu si yake, ya chama ni ya wakulima. Ningependelea "kifaa hiki". Nililitaja jambo hili kwa watunza vitabu, na walilichukua kwa uzito kuliko yote niliyoyasema, pengine kwa kuwa kazi yao ni kushika vitu vya watu wengine.

Siku ya tatu tuliandika kauli mpya kwenye karatasi na kuzibandika chini ya vioo vya kompyuta za semina, kwani hatukuwa na njia ya kuibadilisha programu yenyewe. Kila aliyetaka kuifungua zana ya mfumo alisoma kwanza "Kazi hii yahitaji madaraka ya msimamizi", kisha akachagua agizo lililoandikwa upya. Kazi iliendelea vizuri, ingawa karatasi mbili zilibanduka. Karibu na saa sita yule mwalimu wa mlimani, akiwa amekwisha kuisafisha diski, alinyoosha mkono akauliza: "Na nikimaliza, madaraka haya nayarudishaje?" Nilimwambia akifunge kidirisha. Katika siku mbili za kwanza, tulipokuwa tukitumia kauli ya zamani, hakuna mtu hata mmoja aliyeliuliza swali hilo.